Barista: Kazi Inayoonekana Nyepesi Kadiri Unavyoimudu

Simama kando ya kaunta ya mgahawa wa kahawa wakati wa foleni ya asubuhi, umtazame barista, yaani mtengeneza kahawa aliye nyuma ya mashine. Anachomoa portafilta, kile kishikio chenye kikapu cha kuwekea unga wa kahawa, anaigonga kwenye pipa machicha yatoke, anafuta kikapu chake kwa kitambaa kikavu. Kinu kinanguruma sekunde chache. Unga unasawazishwa, unashindiliwa, portafilta inarudi mahali pake, kitufe kinabonyezwa. Tone la kwanza halijadondoka bado, jagi la maziwa limeshafika kwenye bomba la mvuke. Baada ya dakika moja hivi unasogezewa kikombe chenye jani jeupe lililochorwa kwa maziwa, unaambiwa karibu, na macho yake yameshahamia kwa mtu aliye nyuma yako. Unaondoka ukisema moyoni: hii hata mimi naiweza.

Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, na nimewafundisha wengine. Kila anayetaka kuingia huniuliza swali lilelile: je, ni kazi nzuri? Akimuuliza barista mmoja ataambiwa hakuna kazi tamu kama hiyo. Akimuuliza wa pili ataambiwa aikimbie. Wote wawili wanasema kweli, na mara nyingine ni mtu yuleyule aliyeulizwa asubuhi na kuulizwa tena jioni. Nionavyo mimi, mkanganyiko huu una chanzo kimoja: ufundi wa barista hujificha. Kadiri anavyoumudu ndivyo unavyozidi kutoonekana, na kisichoonekana ni vigumu kuheshimiwa, achilia mbali kulipwa. Ili kuelewa hilo inabidi tuingie nyuma ya kaunta.

Neno lenyewe ni la Kiitaliano, na maana yake ya asili ni mhudumu wa baa tu, awe anamimina kahawa au kileo. Kilichomfanya awe fundi ni mashine. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa Torino alipata hataza ya mashine ya mvuke ya kutengenezea kahawa nyingi kwa mpigo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Luigi Bezzera wa Milano akasajili ya kwake, iliyowezesha kikombe kimoja kimoja kutengenezwa mteja akisubiri, na Desiderio Pavoni akaanza kuziunda na kuziuza. Mvuke ule ulikuwa na msukumo mdogo na joto kali, na kahawa ilitoka na ladha ya kuungua. Achille Gaggia ndiye aliyegeuza mambo. Mashine zake za mpini, zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zilitumia springi kuyasukuma maji kwa nguvu kubwa mara kadhaa, na kikombe kikavaa krema, lile povu la rangi ya dhahabu linaloelea juu ya espreso, ile kahawa fupi na nzito inayotokana na maji kusukumwa kwa nguvu. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine ya E61, ambayo pampu yake ya umeme ilipokea kazi ya mkono.

Naileta historia hii kwa sababu wengi huisoma kinyume. Hudhani mashine ikiboreka fundi hupungukiwa na kazi. Kwa espreso, mashine ilichukua nguvu ya mkono ikaacha uamuzi, na uamuzi ndio unaochosha zaidi.

Chukua kipimo cha kawaida: gramu 18 za unga, gramu 36 za kinywaji, sekunde 25 hadi 30, maji ya nyuzi 90 na kitu, msukumo wa baa 9 (baa hapa ni kipimo cha shinikizo). Ukizisoma namba hizi utadhani ni kufuata maelekezo tu. Shida ni kwamba kahawa haitulii. Punje zilizokaangwa juzi bado zimejaa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo hushindana na maji yanayotaka kupita. Wiki mbili baadaye imepungua, na maji yanapita upesi kuliko ulivyozoea. Unyevu wa hewa ukibadilika, unga nao unabadilika. Kinu kikifanya kazi mfululizo hupata joto, na kilichosagwa saa mbili zilizopita si sawa na kinachosagwa sasa hivi. Maji yakipita haraka mno huchukua kidogo kutoka kwenye unga, kahawa inakuwa nyepesi na chachu. Yakikawia huchukua kupita kiasi, uchungu ukabaki ulimini kama wa dawa. Wanaopima kahawa kitaalamu hulenga asilimia 18 hadi 22 ya uzito wa unga iyeyuke na kuingia kikombeni. Nafasi hiyo ndogo ndiyo barista anayoitafuta kwa ulimi.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, anasaka kipimo. Anatengeneza, anaonja, anatema, anakisogeza kinu kidogo sana kuelekea usagaji laini, anarudia. Anautazama mkondo: unaanza kwa matone meusi mazito, kisha unashikana ukawa uzi mmoja mwembamba uliopinda kidogo, ambao Waitaliano huuita mkia wa panya, kisha rangi inaanza kupauka. Hapo ndipo pa kukata. Ukichelewa sekunde tatu nne unaongeza maji yaliyochoka, yasiyo na kitu ila uchungu. Mteja wa kwanza anapoingia, maamuzi kama kumi yameshafanywa, na ushahidi wake wote umemwagwa kwenye sinki.

Maziwa yana somo lake, na hapa sikio lina kazi kubwa kuliko jicho. Ncha ya bomba la mvuke ikigusa uso wa maziwa hutoa mlio wa karatasi inayochanwa taratibu, hewa inaingia. Sekunde chache zinatosha. Kisha jagi linainuliwa kidogo, ncha inazama, mlio unakufa, na maziwa yanaanza kuzunguka kwa utulivu. Mkono wa pili umelishika jagi ubavuni, kwa kuwa kiganja ndicho kipimajoto cha haraka: pale unapotamani kukiondoa, maziwa yamefika karibu nyuzi 60. Protini ndizo zinazovishikilia viputo vya hewa visipasuke, na utamu wa maziwa husikika vizuri yakiwa ya moto wa wastani. Ukivuka nyuzi 70, protini zinaanza kuharibika, povu linakuwa kavu, na maziwa yananuka kupikwa. Yakishafika huko hayarudi. Ni ya kumwaga. Maziwa yaliyokubali hung'aa kama rangi mbichi ukutani, na ukiligonga jagi juu ya meza mara moja, huoni kiputo hata kimoja.

Nilikaa karibu miezi miwili bila kuusikia ule mlio sawasawa. Aliyenifundisha alichoka kunieleza kwa maneno. Akaniambia nifumbe macho, akapiga mvuke majagi mawili, moja vibaya na moja vizuri, kisha akaniuliza ni lipi. Nilikosea. Siku ya pili nikakosea tena. Siku niliyojibu bila kusita ndiyo siku niliyoipenda kazi hii, na nadhani mabarista wengi wana siku kama hiyo. Mkulima husubiri msimu mzima kujua kama alifanya vyema, mwalimu husubiri miaka. Barista hupewa jibu lake ndani ya nusu dakika, likiwa la moto, na akiwa amekosea anayo nafasi nyingine papo hapo. Anayepata kazi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, hasa kijana ambaye shuleni hakuwahi kuambiwa kwamba ana kipaji cha lolote, hujikuta ametekwa.

Lakini nafasi nyingine papo hapo maana yake ni mwendo uleule wa mkono, tena na tena. Unga hushindiliwa kwa nguvu ya kama kilo 15. Mara moja si kitu. Zamu ya vikombe 200 ni karibu mara 200, na kila mara portafilta lazima izungushwe kufungwa na izungushwe kufunguliwa, na jagi lililojaa lishikwe likiwa limeinamishwa. Kifundo cha mkono kinaanza kuuma, kisha kiwiko, kisha bega. Maumivu mara nyingi huja usiku, mtu akiwa amelala, ndiyo maana huchelewa kuyahusisha na kazi yake. Nimewaona vijana wa miaka 24 wakifungua kifuniko cha chupa kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umegoma.

Hili linazuilika kwa kiasi kikubwa, na linaniuma kwamba halifundishwi siku ya kwanza pamoja na kuchora jani. Kifundo kinyooke kiwe mstari mmoja na mkono wa mbele, kiwiko kiwe juu ya unga, uzito utoke begani. Kaunta ikiwa juu mno kwa mfupi, atafutiwe kibao imara cha kusimamia. Zipo mashine ndogo za kushindilia ambazo hutoa nguvu ileile kila mara, na mwenye mgahawa anayeona ni anasa angepaswa kuisimamia zamu moja mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mengine ni ya kawaida kwa kazi za kusimama: miguu kuvimba, mgongo, ngozi ya vidole kupasuka kwa maji na dawa ya kusafishia, kelele ya kinu, alama za mvuke kwenye mikono. Kila barista anazo.

Kuna jingine ambalo watu hulicheka, nami silioni la kuchekwa: kafeini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeeleza kwamba hadi miligramu 400 kwa siku hazileti wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya. Espreso moja ya kikapu kikubwa inaweza kuvuka miligramu 100. Anayemeza kila anachoonja wakati wa kusaka kipimo anaweza kuufikia mpaka huo kabla jua halijapanda, na kwa kuwa kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi, wa zamu ya jioni ataenda nayo kitandani. Mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, usingizi kuruka, kisha asubuhi kikombe kingine cha kuamkia. Kutema si ukosefu wa adabu. Waonjaji wa kahawa kitaalamu kwa kawaida hutema, na anayeanza kazi afundishwe hivyo bila kuona aibu.

Hadi hapa nimezungumzia nusu ya kazi. Nusu ya pili ni watu, nayo ni ngumu zaidi kuieleza.

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild aliipa jina kazi ya kupanga hisia zako ili mteja ajisikie vizuri: kazi ya hisia. Yeye aliwachunguza wahudumu wa ndege, ila alichokieleza kipo kila asubuhi kwenye kaunta ya kahawa. Barista anatakiwa awe mchangamfu kwa watu wasiohesabika ambao wengi wao bado hawajaamka vizuri, wana haraka, na wana mawazo yao. Uchangamfu huo unahesabiwa kuwa sehemu ya kikombe. Mtu wa 70 hajui kwamba yeye ni wa 70. Kwake ni salamu ya kwanza ya siku, na anayo haki ya kuipata nzima.

Siku nyingine uchangamfu unatoka wenyewe, na hapo kazi hii haina mfano. Unawajua watu kwa vinywaji vyao. Unajua nani hapendi povu, nani huja na mtoto siku gani, nani ameanza kazi mpya kwa namna anavyotembea. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa akinywa kapuchino kila siku saa ileile, akikaa kiti kilekile karibu na dirisha. Akapotea wiki tatu. Aliporudi alisimama mbele yangu bila kusema neno, nami sikumuuliza, nikamtengenezea kama kawaida nikampelekea mezani. Akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa kwanza kunitendea kama jana tu." Alikuwa amemzika mkewe. Sidhani kama kuna karatasi ya maelezo ya kazi inayoweza kuliandika jukumu la namna hiyo, lakini nililitekeleza, na mabarista hulitekeleza kila siku bila kujua.

Mlango huohuo ndio unaopitisha matusi. Mtu akikasirishwa na bosi wake, na foleni, na mvua, wa karibu wa kumtolea hasira ni yule asiyeruhusiwa kujibu. Kahawa inarudishwa kwa maneno makali ilhali oda ilisikika vizuri. Simu haishuki sikioni, mkono unaashiria kikombe, hakuna hata shikamoo wala tafadhali. Kimoja kinavumilika. Vikiwa kumi, huku uso ukidaiwa tabasamu, jioni mtu anafika nyumbani hana la kuwaambia wanaomsubiri. Uchovu huu haupoi kwa kulala, na msimamizi anayeuchukulia kuwa ni udhaifu wa tabia huwapoteza watu wake wazuri kwanza, maana ndio wanaotoa zaidi. Dawa ninayoijua ni ndogo na ya wazi: watu wazungushwe kati ya mashine, malipo na usafi, ili hakuna anayekaa mbele ya wateja zamu nzima, na msimamizi asimame mwenyewe mbele mteja anapovuka mpaka. Nilifanya kazi mahali ambapo tuliambiwa mteja hakosei. Niliondoka hapo mapema.

Sasa malipo, ambako kile nilichokisema mwanzo kinaonekana waziwazi. Mwenye kulipa naye anatazama kutoka upande wa mbele wa kaunta. Anaona kitufe kinabonyezwa, maziwa yanamiminwa, anaita hiyo kazi isiyohitaji ujuzi na kuipangia ujira wa kazi isiyohitaji ujuzi. Bakshishi huziba pengo mahali zinapotolewa, ila huwezi kupangia kodi ya nyumba juu yake. Ratiba nayo hubadilika kila wiki. Kibaya kuliko vyote ni kufunga usiku na kufungua alfajiri inayofuata: ukitoa muda wa njiani na wa kuoga, zinabaki saa chache za kulala, na mtu huyo ndiye anayetarajiwa kuonja na kuamua kipimo cha siku nzima.

Heshima imeanza kuja kwa njia nyingine. Tangu mwaka 2000 yapo mashindano ya dunia ya mabarista. Ya kwanza yalifanyika Monte Carlo, na mshindi alikuwa Robert Thoresen wa Norway. Mshindani hupewa dakika 15 kuwaandalia waamuzi vinywaji 12: espreso nne, vya maziwa vinne, na vinne vya ubunifu wake. Mashindano hayo yalisaidia watu kuuona ufundi kwa kuutoa nyuma ya foleni na kuuweka jukwaani. Wengi wa washindi wamekuwa wakaangaji, walimu, wenye migahawa. Hata hivyo jukwaa halijapandisha ujira wa barista wa zamu ya asubuhi. Huko kinachosaidia ni watu kukaa pamoja na kudai. Desemba 2021 wafanyakazi wa duka moja la kampuni ya kahawa ya Starbucks mjini Buffalo, Marekani, walipiga kura kuunda chama chao, na maduka mengine mamia ya kampuni hiyo yakafuata. Katika madai, idadi ya watu kwa zamu na mpangilio wa saa vilitajwa sambamba na mshahara. Aliyewahi kubaki peke yake kwenye mashine foleni ikiwa imefika mlangoni hatashangaa.

Na mashine zinazojifanyia kila kitu? Zipo, na zinafanya vizuri kuliko barista aliyechoka. Zinasaga, zinashindilia, zinapima muda, zinapiga maziwa mvuke. Sioni sababu ya kuzichukia. Zikiondoa kushindilia mara 200, mkono utashukuru. Hofu yangu ni kwamba zitatumika kama hoja ya kuushusha ujira zaidi, kwa madai kwamba sasa kweli ni kitufe tu. Mtu bado ndiye anayeonja, anayegundua kwamba mfuko mpya wa kahawa una kasoro, anayesafisha, na anayemwona mzee wa dirishani.

Kwa anayefikiria kuingia, ninamshauri asiulize mshahara peke yake. Aulize ratiba hutolewa siku ngapi kabla. Aulize wanakuwa wangapi kwenye mashine saa za foleni. Aombe kuonja kahawa ya hapo, amtazame anayemtengenezea: je, anaonja anachotoa, au amekatazwa kupoteza unga? Mahali pasiporuhusu kumwaga kahawa mbaya hapafundishi kutengeneza nzuri. Aangalie bomba la mvuke kama limefutwa au lina ukoko wa maziwa ya jana. Aangalie kama kuna mtu aliyekaa hapo zaidi ya mwaka mmoja, na akimpata, amuulize mkono wake unaendeleaje. Na aulize ngazi inaelekea wapi, maana nyuma ya kaunta hakuna ngazi nyingi: barista mkuu, msimamizi, mkufunzi. Nyingine ziko nje, kwenye kukaanga, kuonja na kutengeneza mashine, na mgahawa mzuri humfungulia mtu wake milango hiyo mapema.

Sehemu ninayoikumbuka zaidi ni ya mwisho wa siku, mlango ukiwa umefungwa. Unatia dawa kwenye kikapu kisicho na matundu, unaiacha mashine iyasukume maji na kuyarudisha nyuma, povu la kahawia linatoka, unarudia hadi maji yawe meupe. Unachomoa vichujio, unasugua mafuta ya kahawa yaliyoganda, unafagia unga chini ya kinu. Unatundika aproni. Kisha unakata kipande cha utepe wa karatasi, unaandika kwa kalamu na kukibandika ubavuni mwa kinu kwa ajili ya atakayefungua: "Mfuko mpya. Inakimbia kidogo. Anza na laini zaidi, onja ya tatu."